Randa, Msumeno na Mvule: Historia ya Maarifa ya Useremala kati ya Pwani na Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia njia ambazo maarifa ya mbao na zana yalipita kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi nchi za Maziwa Makuu. Ushahidi mkuu ni msamiati wa mafundi wenyewe, ukisomwa sambamba na majengo, samani, vyombo vya majini na historia ya shule za ufundi. Inadaiwa kwamba maneno ya karakana hayakusafiri peke yake, bali yalichukuana na maelekezo ya kazi, na kwamba sera ya mafunzo isiyoyatambua hupoteza sehemu ya mtaala ambayo tayari imo vinywani mwa mafundi.

Utangulizi

Katika Kiganda, fundi wa mbao huitwa omubazzi, na kazi yake ni okubajja. Katika Kinyarwanda ni umubaji, na kitenzi chake ni kubaza. Ubao ni embaawo upande mmoja na urubaho upande wa pili. Haya ni maneno ya kale ya Kibantu. Hayakuletwa na msafara wowote. Lakini fundi huyohuyo anaponyoosha mkono kuchukua zana, lugha inabadilika. Msumari ni omusumaali kwa Kiganda na umusumari kwa Kinyarwanda. Msumeno ni omusumeeno, randa ni eranda. Na kitu kinachotoka mikononi mwake, meza, huitwa emmeeza Kampala na ameza Kigali.

Nyundo haimo katika orodha hiyo ya mikopo. Kiganda kina ennyondo na Kinyarwanda kina inyundo, lakini neno hilo ni urithi wa pamoja wa lugha za Kibantu na lina umri wa ufuaji chuma wenyewe. Nchini Rwanda nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Kwa hiyo mpaka uliochorwa na lugha ni mwembamba na wa kuaminika kuliko inavyodhaniwa. Bara lilikuwa na mbao, nyundo na kazi ya kuchonga. Kilichokuja kutoka pwani ni namna mahususi ya kuifanya kazi hiyo: kupasua gogo kwa meno ya chuma badala ya kulichonga lote kwa tezo, kulainisha uso wa ubao kwa chuma kilichofungwa ndani ya mti, na kuunga vipande kwa msumari.

Mwanahistoria aliyezoea kumbukumbu zilizoandikwa huona useremala wa eneo hili kama historia isiyo na matini. London, katika miaka ya 1670, Joseph Moxon alianza kuchapisha kwa mfululizo vijitabu vilivyoeleza kazi za wahunzi na maseremala hatua kwa hatua. Nchini Ufaransa, André Jacob Roubo, ambaye mwenyewe alikuwa seremala, alitoa kuanzia 1769 kazi kubwa juu ya sanaa hiyo. Pwani ya Waswahili haikuwa na Moxon wala Roubo. Hata hivyo ilikuwa na kamusi. Kitabu cha Edward Steere cha 1870, kamusi ya Johann Ludwig Krapf ya 1882 na ile ya Charles Sacleux ya 1939 ziliandikwa kwa ajili ya lugha na dini, si kwa ajili ya mafundi. Lakini anayezisoma huku akiwa na ubao mkononi hukuta humo zana, viungo vya mlango na majina ya miti. Zinastahili kusomwa pia kama kumbukumbu za karakana.

Pwani: kazi isiyotegemea msumari

Ushahidi wa kale zaidi wa useremala wa pwani unahusu chombo, si samani. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki ulioandikwa katika karne ya kwanza, unaojulikana kama Periplus, unataja bandari ya Rhapta, na kulieleza jina hilo kwa mashua zilizoshonwa zilizokuwa huko. Mtepe, chombo kilichodumu katika pwani ya Lamu hadi karne ya 20, ulikuwa wa ukoo huo: mbao zake zilitobolewa kingoni na kushonwa kwa kamba za nazi. Ni rahisi kudhani kwamba watu walishona kwa sababu hawakuwa na misumari. Dhana hiyo haitoshi, kwa kuwa mitepe iliendelea kushonwa karne nyingi baada ya msumari kufahamika. Mshono hulegea na kukaza pamoja na mbao; chombo kinapogonga fungu la matumbawe, hujipinda kabla ya kupasuka. Aliyeshona alikuwa na ujuzi juu ya tabia ya mbao ambao aliyepigilia misumari hakuuhitaji.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti ya mji huo ilikuwa ya mbao na imejengwa kwa ustadi. Msomaji wa leo, aliyezoea kuipima pwani kwa magofu ya mawe, huipita sentensi hiyo haraka. Mawe yamebaki na mbao zimeoza. Sifa kubwa imewaendea waashi. Lakini hata nyumba ya mawe ilimtegemea mti. Upana wa chumba katika nyumba za kale za Lamu na Zanzibar haukuamuliwa na mwashi, bali na boriti za mikoko zilizobeba dari, ambazo kwa kawaida ziliruhusu chumba cha mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Vyumba virefu na vyembamba ambavyo wageni wengi huvieleza kama mtindo wa Kiarabu ni, kwa sehemu kubwa, kipimo cha mkoko.

Mlango wa nakshi ndio kazi iliyoandikwa zaidi, na utafiti wa Judith Aldrick uliochapishwa mwaka 1990 umesaidia kuupanga kwa nyakati na mitindo. Nakshi zimevuta macho ya wengi hadi muundo ukasahaulika. Mlango wa pwani huwa na mabawa mawili, na ubao wa kati, mfaa, hufungwa katika bawa moja na kulifunika lile la pili. Mabawa hayaning'inii kwa bawaba za pembeni, bali huzunguka juu ya ndimi zilizoingia katika vizingiti vya juu na chini. Mtu anayeijua tabia ya mbao ataona sababu. Ubao unapofyonza unyevu wakati wa masika hutanuka upana, na unapokauka katika upepo wa kaskazi husinyaa. Mabawa mawili yanayokutana ana kwa ana yangesukumana katika msimu mmoja na kuacha mwanya katika mwingine. Mfaa huruhusu mabawa yacheze huku ukiuficha mwanya. Nakshi zilizochongwa juu yake ni pambo la jibu ambalo tayari lilikuwa limepatikana.

Kiti cha enzi kinafundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. James de Vere Allen, aliyekuwa mhifadhi wa makumbusho ya Lamu, alikifanyia uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989. Mbao zake ni nyembamba na nzito, mpingo mara nyingi, zimepambwa kwa vipande vya pembe au mfupa, na mgongo na kikalio vimesukwa kwa nyuzi. Fundi hakuweka ubao mpana katika fremu, mahali ambapo ungepasuka, aliweka nyuzi. Kiti hicho kinazungumziwa sana kama ishara ya hadhi, na ni kweli kilikuwa hivyo, lakini hadhi ingedumu muda mfupi kama kikalio kingepasuka.

Majina ya zana yanaonyesha ushauri huo ulivyokusanywa. Randa linafanana na neno la Kiajemi lenye maana hiyohiyo. Msumari limetoka katika Kiarabu. Patasi linapatikana katika lugha za magharibi ya Bara Hindi, Kimarathi kikiwemo. Meza na parafujo ni ya Kireno. Skrubu, lililokuja kuketi kando ya parafujo, ni la Kiingereza. Katikati ya wageni hao limekaa neno msasa, jina la mti ambao majani yake yana ukali wa kusugulia mbao, na ambalo karatasi ya dukani ilipokuja ililirithi bila mabishano. Neno hilo limesafiri hata nje ya karakana: wizara zinapoitisha semina, walimu na watumishi hupigwa msasa, na huenda wachache miongoni mwao wamewahi kuligusa jani lenyewe.

Orodha kama hii mara nyingi hutumiwa kuonyesha kwamba Kiswahili kimekopa. Jambo lenye uzito zaidi ni nani aliyekopa, na katika mazingira gani. Zana haijifunzi kutoka dukani. Aliyesema patasi kwa mara ya kwanza huko Zanzibar alikuwa amesimama karibu na mtu aliyeijua patasi, akaona inavyonolewa na inavyoshikwa. Na katika Zanzibar ya karne ya 19, mtu huyo aliyejifunza mara nyingi hakuwa huru. Watumwa wenye ufundi walikodishwa mjini na kumpa bwana sehemu ya ujira. Jina lao, vibarua, lilitokana na barua. Utumwa ulipokoma kisheria Zanzibar mwaka 1897, kizazi kizima cha ujuzi kilikuwa kimepita katika mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa. Maandishi ya juu ya milango hutaja aya, mwaka au mwenye nyumba. Jina la mchongaji ni nadra.

Safari ya zana kwenda bara

Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Ssuuna mnamo 1844, na katika enzi ya Muteesa Kiswahili kilikuwa lugha inayoeleweka barazani. Waganda hawakuwa wakingoja kufundishwa kuchonga. Mitumbwi yao mikubwa katika ziwa iliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, kazi ambayo fundi wa mtepe angeitambua mara moja, ingawa hakuna haja ya kudai kwamba mmoja alijifunza kwa mwenzake. Tatizo moja, la kuunga mbao zinazocheza majini, linaweza kuzaa jibu moja mahali pawili. Tofauti ilikuwa katika upatikanaji wa ubao. Bila msumeno, ubao hupatikana kwa kuchonga gogo hadi libaki unene unaotakiwa, na sehemu kubwa ya mti huishia kuwa vibanzi. Msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni, ulibadili hesabu hiyo. Haishangazi kwamba jina lake ndilo lililokopwa, huku jina la ubao likibaki lilelile.

Mtu ambaye kumbukumbu zimemhifadhi zaidi katika hatua hii ni Alexander Mackay, mhandisi wa misheni ya Kianglikana aliyefika Buganda mwezi Novemba 1878 baada ya kupitia Zanzibar. Mackay alitumia Kiswahili barazani, na karakana yake ilimpa heshima ambayo mahubiri hayakumpa kwa urahisi. Mama wa Kabaka alipofariki mwaka 1882, aliombwa kutengeneza jeneza: matabaka matatu, mawili ya mbao na moja la shaba, na ukubwa usio wa kawaida. Historia za misheni husimulia tukio hilo kama ushindi wa ustadi wa Ulaya. Likisomwa kwa upande wa lugha, sura yake ni nyingine. Kama majina ya zana yangeenea Buganda kutokana na kazi ya Mackay pekee, Kiganda kingepata maneno ya Kiingereza kwa randa, msumeno na msumari. Hakikupata. Kilipata maneno ya pwani, ikiwa na maana kwamba waliozishika zana hizo kando ya Waganda, na waliozitaja kila siku, walikuwa wasemaji wa Kiswahili, au Wazungu waliolazimika kusema kama wao. Mackay aliwaona wafanyabiashara wa pwani kuwa wapinzani. Karakana yake hata hivyo ilizungumza lugha yao.

Mapadre wa Roho Mtakatifu nao walikuwa wameanzisha karakana Zanzibar katika miaka ya 1860 na kuendelea Bagamoyo kuanzia 1868, ambako waliokombolewa utumwani walifundishwa ufundi. Vijana hao walitoka katika makabila ya mbali ya bara. Walipokwenda kufanya kazi katika vituo vipya, walikuwa na zana, na walikuwa na Kiswahili cha kuzielezea.

Shule na karakana

Watunga sera wa eneo hili husahau kwamba Makerere haikuanza kama chuo cha wanasheria wala madaktari. Mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, na masomo yake yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Nchini Kenya, kituo cha mafunzo ya ufundi cha Kabete kilianzishwa mwaka 1924. Makerere iliupa kisogo ufundi upesi, ikapanda ngazi ya heshima ya kitaaluma, na mafunzo ya ufundi ya Kampala yakaishia kuwa na makao yake Kyambogo katika miaka ya 1950. Ngazi hiyo haikuwa ya masomo tu. Ilikuwa pia ya lugha. Kadiri somo lilivyopanda, ndivyo lilivyohamia Kiingereza, na katika maeneo yaliyotawaliwa na Wabelgiji, Kifaransa. Useremala ulibaki na lugha mbili: moja ya mtihani na moja ya benchi.

Usanifishaji wa Kiswahili haukuliziba pengo hilo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilijishughulisha hasa na vitabu vya shule za msingi na tahajia. Baada ya uhuru, Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na kazi kubwa ya istilahi ikaelekezwa, kwa sababu zinazoeleweka, kwenye utawala, sheria na sayansi za darasani. Karakana ilichukuliwa kuwa mahali ambapo Kiswahili kipo tayari. Kilikuwepo kweli, lakini kuwepo na kuorodheshwa ni mambo mawili. Fasili ya kawaida ya randa humweleza msomaji kwamba ni kifaa cha kulainishia mbao. Haimwambii chuma chake kinolewe kwa mshazari gani, wala kwamba kikisukumwa kinyume cha nyuzi za ubao huzing'oa badala ya kuzikata. Mwanagenzi wa Keko jijini Dar es Salaam, wa Gikomba jijini Nairobi au wa Gisozi jijini Kigali huambiwa hayo kwa mdomo, mara nyingi baada ya kuharibu ubao.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka 1972, ililazimisha serikali kuitazama karakana ya mtaani kama sehemu ya uchumi, na Tanzania ikaunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973. Sera zilizofuata zilizungumza sana juu ya mikopo, maeneo ya kufanyia kazi na mashine. Maarifa yaliyokuwamo karakanani yalihesabiwa kuwa upungufu wa kujazwa, si akiba ya kuorodheshwa. Hilo ndilo kosa lililodumu zaidi.

Mbao zinazokwenda mashariki

Maneno ya zana yalikwenda magharibi. Mbao leo huja mashariki. Kenya ilipozuia ukataji katika misitu yake ya umma mwaka 1999, mahitaji yake yalihamia kwa majirani, na mvule wa mashariki ya Kongo umeendelea kupita Uganda kuelekea Kampala na Nairobi. Mvule una sifa ambayo kila anayeufanyia kazi huijua: ndani yake hujijenga vipande vigumu kama mawe, mkusanyiko wa chokaa, vinavyoweza kung'oa jino la msumeno. Mninga, kwa upande wake, hukauka polepole lakini husinyaa kidogo sana, na ndiyo sababu mafundi wa Tanzania huuamini kwa milango. Mti unapovuka mpaka, sifa zake huvuka pamoja nao, lakini maonyo juu yake huvuka tu kama kuna lugha ya kuyabeba.

Suala la kukausha mbao linaonyesha kwa nini jambo hili si la wanaisimu peke yao. Ubao mbichi una maji ya aina mbili. Yaliyo katika matundu ya seli hutoka kwanza, na ubao hubaki na umbo lake. Unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 28 hadi 30, maji yaliyomo katika kuta za seli huanza kutoka, na hapo ndipo kusinyaa huanza. Ubao haupungui urefu kwa kiasi cha kutiliwa maanani; hupungua upana, na upungufu wa kufuata duara za ukuaji huwa karibu mara mbili ya ule wa kuelekea kiini. Ndiyo maana ubao hujikunja upande mmoja, na ndiyo maana kabati lililoundwa katika unyevu wa Dar es Salaam huachia viungo likifika Dodoma. Fundi mzoefu hupima kwa uzito wa ubao mkononi na mlio wake unapogongwa. Maneno yake ni mbichi na kavu. Viwango rasmi vya biashara ya mbao hutumia asilimia. Kati ya neno kavu na tarakimu 12 kuna maelezo yote yaliyotolewa katika aya hii, na hakuna hata sehemu moja yake iliyohitaji lugha ya kigeni ili ielezwe.

Hali imekuwa ngumu zaidi kwa sababu miti yenyewe imebadilika. Ushauri wa wazee ulihusu mvule, mninga na mkongo iliyokomaa kwa miongo mingi. Benchi la leo hupokea paina na mkaratusi kutoka mashambani, miti iliyokatwa ingali michanga, ambayo hujipinda kuliko miti iliyotangulia. Kanuni iliyotosha kwa mninga huharibu mkaratusi. Maarifa ya karakana hayana budi kufanyiwa marekebisho, na marekebisho hayo hayawezi kumfikia mwanagenzi kupitia mwongozo asioweza kuusoma.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umekitambua Kiswahili kama lugha ya mawasiliano mapana inayopaswa kuendelezwa, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu fundi kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022.  Kazi ya kuanzia ingeweza kuwa ndogo: kukaa katika karakana tatu au nne, Kigali, Bujumbura, Kampala na Bukavu, na kuandika kila neno linalotamkwa kati ya ubao mbichi na meza iliyokamilika, kisha kuyalinganisha na ya Keko na Lamu. Omusumaali na umusumari wangeonana hapo bila mkalimani. Majina ya chuma cha randa, ya kabari inayokishikilia, ya ulimi wa mbao na tundu linaloupokea, na ya dosari ambazo mafundi huzikemea kwa wanagenzi wao, yangehitaji kuandikwa kwa mara ya kwanza.